Max Wilms na Uvimbe Wenye Kila Kitu

Mimi nasoma ualimu, lakini jina la Max Wilms nimelipata kwa rafiki yangu wa udaktari wa mifugo, aliyekuwa anakariri aina za uvimbe wa figo wa mbwa. Nikaanza kumfuatilia huyu Mjerumani.

Alizaliwa 1867. Alipomaliza udaktari hakukimbilia kisu. Alikaa kwanza kwenye patholojia, kukata vipande vyembamba vya nyama iliyougua na kuvitazama kwa hadubini, ndipo akaenda Leipzig kujifunza upasuaji kwa Trendelenburg. Huko, 1899, alitoa kitabu kuhusu uvimbe wa figo wa watoto wenye nyama za kila namna ndani yake: seli changa, vijirija, misuli, hata gegedu. Si yeye aliyeuona kwanza, wenzake walishauandika. Ila kila mtu alikuwa na mgonjwa wake na jina lake. Wilms alikusanya kesi zao na zake, akasema vurugu yote ile ina chanzo kimoja, seli za kiinitete. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko kuwa wa kwanza.

Mbwa nao huupata, kwa nadra, na mara nyingi wakiwa bado wadogo; mbwa wazee huwa na saratani nyingine za figo. Mwenye mbwa anaona tumbo limejaa au mkojo una damu. Ultrasaundi inaonyesha donge, basi, haisemi ni donge gani. Lazima kipande kiende kwenye hadubini, na anayetazama atafute mchanganyiko uleule wa Wilms. Tena kuna wa ajabu zaidi: kwa mbwa wadogo, hasa German Shepherd, unaweza kuota kwenye uti wa mgongo, miguu ya nyuma ikalegea huku figo zote mbili ni nzima! Asiyejua habari za kiinitete atawaza figo saa ngapi? Siku hizi maabara hutafuta pia protini ya WT1, jeni iliyopewa jina kutokana na uvimbe huohuo.

Wilms alifundisha Basel, kisha Heidelberg. Mwaka 1918, vita bado vinaendelea, aliletewa ofisa Mfaransa, mateka, koo limezibwa na dondakoo. Adui, jamani. Akampasua koo apate kupumua. Ofisa alipona. Wilms aliambukizwa, akafa Mei mwaka huo, akiwa na miaka 50.