Agathe Uwilingiyimana: Mwalimu wa kemia aliyepanda hadi uwaziri mkuu wa Rwanda

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, mjini Kigali, Waziri Mkuu wa Rwanda alikuwa akisubiri kusindikizwa hadi Redio Rwanda ili alihutubie taifa. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilikuwa imetunguliwa usiku uliotangulia, na uongozi wa serikali ulikuwa umebaki mikononi mwake. Hotuba hiyo haikusomwa.

Agathe Uwilingiyimana alizaliwa mwaka 1953 huko Nyaruhengeri, Butare, kusini mwa nchi, katika familia ya wakulima. Kufaulu mtihani wa serikali kulimfungulia mlango wa Lycée Notre-Dame de Cîteaux, shule ya wasichana mjini Kigali. Baadaye alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Taifa, akahitimu mwaka 1985, akafundisha somo hilo Butare. Wapo waliomlaumu kwa kuwahimiza wasichana kusoma hesabu na sayansi. Hakuacha.

Kilichomtoa darasani hakikuwa siasa. Mwaka 1986 alianzisha chama cha kuweka na kukopa miongoni mwa wafanyakazi wa shule. Kila mama aliyewahi kushika daftari la kikundi anaijua kazi hiyo: kukusanya michango, kuamua nani akopeshwe, na kumdai mwenzako anayechelewa kulipa bila kuvunja urafiki. Jina lake likafika Kigali, na mwaka 1989 akateuliwa mkurugenzi katika Wizara ya Biashara.

Mwaka 1992 alijiunga na chama cha upinzani cha MDR. Mwezi Aprili mwaka huo, katika serikali ya vyama vingi, akakabidhiwa Wizara ya Elimu ya Msingi na Sekondari. Hapo ndipo alipofanya uamuzi mzito kuliko yote ya maisha yake ya kazi: aliufuta mgawo wa nafasi za shule kwa misingi ya kabila, na kuagiza kwamba mtoto apimwe kwa alama zake. Haukupita muda, watu wenye silaha wakamvamia nyumbani na kumpiga. Alirudi ofisini.

Tarehe 18 Julai 1993 akawa Waziri Mkuu, siku chache tu baada ya Sylvie Kinigi kushika wadhifa kama huo katika nchi jirani ya Burundi. Cheo hicho hakikumpa raha. Chama chake chenyewe kiligawanyika juu ya uteuzi wake, na Rais akamwondoa rasmi kabla ya mwezi kwisha. Hata hivyo aliendelea kukaimu, akiisubiri serikali ya mpito iliyokubaliwa Arusha mwezi Agosti, ambayo haikuundwa katika uhai wake.

Asubuhi ile ya Aprili, wanajeshi walimuua pamoja na mumewe, Ignace Barahira. Askari 10 wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliotumwa kumlinda, waliuawa pia. Watoto wake 5 walinusurika. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal ndiye aliyewaficha.

Amezikwa katika makaburi ya mashujaa, Remera, naye yumo katika daraja la Imena. Wanawake leo wanashika zaidi ya nusu ya viti vya Baraza la Wawakilishi la Rwanda. Waziri mkuu mwanamke hajapatikana mwingine.