Firdausi: Mshairi Aliyewaonyesha Wafalme Mwisho wa Kiburi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumwangalie mtu ambaye hakushika upanga wala hakukalia kiti cha enzi, lakini jina lake limedumu kuliko majina ya wengi waliotawala zama zake. Naye ni Abul-Qasim Firdausi, mtunzi wa Shahnama, yaani Kitabu cha Wafalme.

Alizaliwa yapata mwaka 940 Miladia katika kijiji cha Bazh, karibu na mji wa Tus katika nchi ya Khurasan, ambao leo umo kaskazini mashariki mwa Iran. Ndiyo Tus ileile aliyozaliwa Imam Ghazali zaidi ya miaka mia moja baadaye. Jamaa zake walikuwa miongoni mwa watu walioitwa dihqani, wenye mashamba yao, waliosifika kwa kuhifadhi habari za wazee wa kale.

Tukumbuke kuwa dola ya Wasasani ilikuwa imeanguka katika karne ya saba, na mfalme wake wa mwisho, Yazdgird wa Tatu, aliuawa mwaka 651. Waajemi wakaingia katika Uislamu, na Kiarabu kikawa lugha ya dini na ya elimu. Hata hivyo watawala wa Kisamani, waliokaa Bukhara, wakakipa Kiajemi nafasi ya kuandikwa upya. Mwaka 957, kwa amri ya Abu Mansur, mtawala wa Tus, habari za wafalme wa kale zilikusanywa katika kitabu cha nathari. Mshairi Daqiqi akaanza kuzitia katika nudhumu, lakini aliuawa na mtumwa wake akiwa ametunga kiasi cha baiti 1,000 tu. Firdausi akaipokea kazi hiyo yapata mwaka 977. Baiti za mwenzake akazitia ndani ya kitabu chake na akamtaja mwenyewe kwa jina, jambo linaloonyesha uaminifu wake katika elimu.

Akaifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, hata ilipotimia mwaka 1010, sawa na mwaka 400 Hijria, kitabu kilikuwa na baiti zipatazo 50,000. Kila baiti ina vipande viwili vyenye kina kimoja, na kila kipande kina mizani kumi na moja, katika bahari iitwayo mutaqarib. Msomaji aliyezoea tenzi zetu za beti zenye vipande vinne, kama ule wa Tambuka uliotungwa Pate mwaka 1728, hataona ugeni mkubwa. Huko nako mtunzi anaanza kwa jina la Mola, kisha anasifu akili kuwa ndiyo tunu kubwa aliyopewa mwanadamu, ndipo anapoingia katika visa.

Mbinu zake ni zile zinazoonekana katika tendi nyingi za kale. Kuna chuku, ambayo wanabalagha huiita mubalagha: shujaa Rustam anapita vituo saba vya hatari kwenda kumwokoa mfalme wake, akipigana na simba, joka, mchawi na zimwi jeupe. Kuna majigambo ya wapiganaji kabla ya kushikana, na kuna farasi mwaminifu, Rakhsh, anayekaribia kuwa mhusika kama watu. Siku ya vita nayo huanza kwa sifa za alfajiri, na kila alfajiri ina tashbihi yake. Aidha kuna ule ustadi ambao tuliosoma balagha twaujua kwa jina la baraatul-istihlal, yaani mwanzo unaodokeza mwisho. Kisa cha Rustam na Suhrab kinafunguliwa kwa tafakuri juu ya tunda lililoangushwa na upepo kabla ya kuiva, na msikilizaji anajua tangu hapo kuwa kijana atakufa.

Kisa chenyewe ndicho hiki. Rustam alimwoa Tahmina, binti wa mfalme wa Samangan, akamwachia johari ya kumfunga mtoto mkononi, kisha akarudi kwao. Suhrab akazaliwa na kukua bila kumwona baba yake, hata akaja na jeshi la Turan kumtafuta. Mfalme wa Turan, Afrasiyab, akafanya hila ili baba na mwana wasijuane. Walipokutana uwanjani, kijana akahisi jambo moyoni, akamwuliza mpinzani wake kama yeye ndiye Rustam. Rustam akakana. Suhrab akamwangusha, lakini Rustam akamhadaa kuwa desturi haimruhusu mtu kuua kwa mwereka wa kwanza. Waliposhikana tena, Rustam akamwangusha Suhrab na kumchoma papo hapo, asimpe nafasi aliyopewa yeye. Kijana akiwa anakata roho alisema kuwa baba yake Rustam atamlipia kisasi, na ndipo johari ile ilipoonekana. Rustam akamwomba mfalme Kai Kawus dawa, mfalme akamnyima, akichelea kwamba baba na mwana wakiungana watakitikisa kiti chake.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ulipo uzito wa Firdausi. Shujaa wake mkubwa hakushindwa na zimwi wala joka. Alishindwa na nafsi yake. Neno moja la kweli, la kutaja jina lake, lingemwokoa mwanawe. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Mtu akisoma kisa hiki baada ya kuyajua mafunzo hayo, hatakiona kuwa ni hadithi ya kupitishia wakati.

Mtunzi mwenyewe alionja msiba wa aina hiyo. Alipokuwa na umri wa miaka sitini na mitano alifiwa na mwanawe aliyekuwa na miaka thelathini na saba. Akaisimamisha simulizi ya wafalme, akamlilia mwanawe katika baiti chache, kisha akaendelea na kazi yake.

Wakati huo Wasamani walikuwa wameanguka, na mwenye nguvu alikuwa Sultani Mahmud wa Ghazni, ambaye Firdausi alimtunukia kitabu. Nizami Arudhi wa Samarqand, aliyezuru kaburi lake miaka mia hivi baada ya kifo chake, amesimulia kuwa Sultani alimpa fedha kidogo, na mshairi akazigawa kwa mhudumu wa hamamu na muuza kinywaji. Baadaye Sultani akajuta, akampelekea shehena ya nili yenye thamani ya dinari 60,000. Ngamia wakaingia kwa lango moja la mji, na jeneza likatoka kwa lango jingine. Binti yake akaikataa zawadi. Wanahistoria wa leo wanaitilia shaka sehemu kubwa ya simulizi hii.

Arudhi ameeleza pia kuwa mhubiri mmoja wa mji alizuia marehemu asizikwe katika makaburi ya Waislamu, akimtuhumu kwa madhehebu yake, hivyo akazikwa katika bustani yake mwenyewe. Kifo chake kilikuwa yapata mwaka 1020. Jina la mhubiri yule halitajwi, na kaburi lililokataliwa linazuriwa hadi leo, chini ya jengo lililozinduliwa mwaka 1934.

Enyi wazazi, wasimulieni watoto wenu visa vya mashujaa, lakini msiishie kwenye panga na farasi. Wafikisheni mpaka pale baba anapoishika johari mkononi mwa mwanawe. Kisha kila baba ajiulize ni neno gani la kweli ambalo kiburi kinamzuia kumwambia mwanawe, naye yu hai na wakati ungalipo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Firdausi, na azihifadhi nyumba zetu na kiburi. Amin.