Truman: Rais aliyenyang'anya viwanda kwa saini, kisha akarudisha

Kama uliacha chuo katikati na mtaani wanakuona umepotea, tulia nikupe stori ya Harry Truman. Hadi leo hakuna mwingine aliyekuwa rais wa Marekani bila digrii baada yake.

Jamaa alizaliwa Missouri mwaka 1884. Alitaka chuo cha kijeshi cha West Point, macho yakamwangusha. Akaingia chuo cha biashara, pesa za nyumbani zikakatika, akaacha. Akawa karani wa benki, kisha akarudi shambani kulima kwa miaka zaidi ya 10. Akapigana Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliporudi akafungua duka la nguo za wanaume Kansas City pamoja na rafiki yake. Mwaka 1922 duka likafungwa. Alikataa kutangaza kwamba amefilisika. Madeni aliyalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Siasa ndiyo ilimwinua. Akawa kiongozi wa kaunti, seneta, halafu makamu wa rais. Siku 82 tu baadaye, Aprili 12, 1945, Franklin Roosevelt akafa na Truman akawa rais. Agosti mwaka huo mabomu ya atomiki yakaangushwa Hiroshima na Nagasaki chini ya uongozi wake. Watu wanabishana kuhusu hilo hadi leo.

Sasa skiza. Rais wa Marekani anaweza kutoa amri, akatia saini, na waziri au mkuu wa shirika la serikali kuu akatekeleza bila kungoja bunge. Lakini amri hiyo lazima isimame juu ya katiba au sheria. Mwaka 1948 Truman aliamuru wanajeshi wa rangi zote watendewe sawa. Yeye ndiye amiri jeshi mkuu, kwa hivyo amri ilisimama, ingawa utekelezaji ulichukua miaka.

Mwaka 1952 mambo yaligeuka. Vita vya Korea vilikuwa vimechacha na wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa tayari kugoma. Kulikuwa na sheria ya 1947 ya kusimamisha mgomo kwa siku 80, ila Truman aliwahi kuipinga na bunge likaipitisha kwa nguvu. Hakutaka kuitumia. Badala yake, Aprili 8 alimwamuru Waziri wa Biashara, Charles Sawyer, atwae viwanda na kuviendesha.

Wenye viwanda wakakimbia kortini. Juni 2 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 6 kwa 3: rais hana mamlaka hayo. Majaji wote 9 walikuwa wameteuliwa na Truman au Roosevelt. Kati ya wanne wa Truman mwenyewe, wawili walimkataa.

Hapo ndipo ninamheshimu. Alikuwa na jeshi, na alikuwa na waziri wa kutumwa. Hakumfukuza jaji yeyote. Alimwambia Sawyer arudishe viwanda. Wafanyakazi wakagoma kwa zaidi ya siku 50, yeye akivumilia.

Alirudi nyumbani Missouri mwaka 1953, wakati ambapo marais wastaafu hawakuwa na pensheni ya urais. Alikufa Desemba 26, 1972, akiwa na miaka 88.

Kwa hivyo ukisikia rais yeyote ametia saini amri, usiishie kuuliza amesema nini. Uliza imesimama juu ya sheria gani, na korti ikisema hapana, atafanya nini.