Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Deni la Zubayr

 

Ndugu yangu, bila shaka umewahi kulisikia tangazo lile la msibani. Kabla ya kuswalia jeneza, mmoja wa wafiwa anasogea mbele, sauti imemkauka, anasema kama kuna anayemdai marehemu basi aonane na familia. Watu wanainamisha vichwa. Tunaswali, tunazika, tunarudi kwenye jamvi, na mara nyingi habari inaishia hapo. Kwa kazi yangu hii nimesimama mbele ya majeneza mengi, na nakwambia kweli: wanaojitokeza ni wachache, na wanaolipwa ni wachache zaidi. Mwenye duka anaona haya kwenda msibani na daftari lake. Na familia nayo, tusidanganyane, inaomba aendelee kuona haya.

Leo nakusimulia habari za mtu ambaye tangazo lake lilidumu miaka minne.

Ni Zubayr bin Awwam (r.a.). Jina unalijua, ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo wangali hai. Mama yake ni Safiyya bint Abdulmuttalib, shangazi yake Mtume (s.a.w.), na baba yake ni ndugu wa Bi Khadija. Alisilimu akiwa kijana mdogo, akahamia Uhabeshi, kisha Madina. Siku ya Handaki, Mtume alipotaka mtu wa kwenda kumletea habari za maadui, Zubayr ndiye aliyeitikia kila alipoita, na hapo ndipo akaitwa hawari wa Mtume, yaani msaidizi wake wa karibu. Begani alikuwa na kovu la upanga lenye shimo, na mwanawe Urwa alipokuwa mtoto alikuwa akiingiza vidole humo na kulichezea. Napenda sana habari hiyo. Shujaa wa Badri amekaa nyumbani, na mtoto anachezea jeraha lake.

Usidhani alianza akiwa tajiri. Alipomuoa Asma, binti wa Abubakar, hakuwa na shamba, hakuwa na mtumwa, hakuwa na mali ya kutajwa isipokuwa farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Bi Asma ndiye aliyemlisha yule farasi, ndiye aliyeteka maji, ndiye aliyeshona kiriba kikitoboka na kukanda unga. Mkate wenyewe alikuwa hajui kuuoka vizuri, majirani zake wanawake wa Kiansari wakimsaidia. Alitembea mwendo mrefu hadi kwenye kipande cha ardhi alichopewa Zubayr, akarudi na kokwa za tende kichwani. Siku moja Mtume alikutana naye njiani akiwa na mzigo huo, akampigishia ngamia magoti ili apande. Akaona haya mbele ya wanaume, akakumbuka na wivu wa mumewe, akaendelea kwa miguu. Zubayr aliposikia akasema kumwona mkewe amebeba zile kokwa kulimuuma zaidi kuliko kama angepanda pamoja na Mtume. Nyumba yao ilianzia huko.

Miaka ikapita, Mungu akamfungulia. Hakuwahi kushika ugavana wala kukusanya kodi. Mali yake ilitokana na mafungu ya ngawira, kwani alipigana pamoja na Mtume, kisha zama za Abubakar, Umar na Uthman, na juu ya hayo alikuwa na mkono mzuri wa biashara. Alipokufa hakuacha dinari wala dirhamu taslimu. Aliacha ardhi na nyumba: shamba kubwa liitwalo al-Ghaba karibu na Madina, nyumba 11 hapo Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri.

Na aliacha deni.

Hapa nisikilize vizuri, maana kuna watu watamaliza kusoma waseme kumbe hata masahaba walikopa, basi na mimi nikabonyeze simu nichukue mkopo wa kiatu cha Idi. Deni la Zubayr halikuwa la namna hiyo. Watu walikuwa wakimwamini, wanamletea fedha zao awawekee amana. Yeye anakataa kuzipokea kama amana. Anawaambia ziwe mkopo, kwa sababu anaogopa zisije zikapotea. Kwenye fiqhi kuna tofauti kubwa hapo. Ukiwekewa amana ikaibiwa bila uzembe wako, hudaiwi. Lakini ukikopa, unadaiwa tu, iibiwe, iungue, ipotee baharini. Zubayr aliubeba mzigo wa hasara yeye mwenyewe ili mwenye fedha alale usingizi. Na kwa kuwa imekuwa mkopo, aliweza kuizungusha kwenye biashara. Lakini ulikuwa mzigo wa hatari vilevile, na yeye aliujua uzito wake. Tutaona.

Mwaka 36 Hijria, sawa na 656 Miladia, ikawa fitina ya Vita vya Ngamia, karibu na Basra. Kuhusu vita yenyewe sitasema kitu hapa, masahaba wote tunawaombea radhi. Asubuhi ile Zubayr akamwita mwanawe mkubwa, Abdullah, aliyekuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu. Akamwambia anaona kama siku hiyo atauawa akiwa amedhulumiwa, na kwamba hamu yake kubwa kuliko zote ni deni lake. Akamuuliza, je, unaona deni letu litatubakishia kitu? Akamwagiza auze mali, alipe. Kitakachobaki baada ya deni, thuluthi yake iwe ya wasia, na katika thuluthi hiyo sehemu iende kwa watoto wa Abdullah, wajukuu zake.

Fikiria kidogo. Mtu ana watoto 18, wa kiume 9 na wa kike 9. Ana wake wanne. Mbele yake kuna mapanga. Na anazungumza deni. Tena hakulizungumza kwa mafumbo. Alimwita mtu mmoja, akamwambia kazi ni yako, na akampa ruhusa ya kuuza.

Kisha akamwambia, ukishindwa kwa lolote katika hilo, mwombe msaada Mola wangu. Neno alilotumia kwa Kiarabu ni maulaa, ambalo linaweza kumaanisha hata bwana au rafiki mlezi wa kibinadamu, kwa hiyo Abdullah hakuelewa. Akadhani kuna mtu fulani ambaye baba yake hajamtaja. Akauliza, baba, huyo mola wako ni nani? Akajibiwa: Allah. Abdullah alikuja kusimulia baadaye kwamba kila alipobanwa na lile deni alikuwa akimwita Mola wa Zubayr amlipie Zubayr deni lake, na njia inafunguka.

Zubayr alijitoa vitani, akashika njia. Akauawa mahali paitwapo Wadi as-Sibaa na mtu aitwaye Ibn Jurmuz. Mji wa Zubayr huko Iraq hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Sasa mzigo uko kwa Abdullah. Kazi ya kwanza aliyofanya ilikuwa kuhesabu. Akaorodhesha madeni yote, jumla ikafika dirhamu 2,200,000. Rudia kuisoma: milioni mbili na laki mbili.

Akakutana na Hakim bin Hizam, binamu wa marehemu, mzee mwenye heshima zake. Mzee akamuuliza, mwana wa ndugu yangu, deni la ndugu yangu ni kiasi gani? Abdullah akaificha. Akasema laki moja. Wanazuoni wanaeleza kwamba hakusema uongo, alitaja sehemu tu na hakukanusha iliyobaki. Sawa. Ila mimi nikifika hapo kila mara huwa nacheka peke yangu, kwa sababu najijua. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na madeni ya hapa na pale: ada, mchele wa dukani, mkopo mmoja wa riba niliouchukua nikiwa nimebanwa na ambao namwomba Mungu anisamehe. Mke wangu akaniuliza ni kiasi gani. Nikamwambia laki mbili na nusu. Ilikuwa inakaribia laki tisa. Na wala sikuwa nimehesabu, nilikuwa naogopa kuhesabu. Mwezi mzima alikuwa anabana matumizi ya nyumba kwa hesabu ya uongo, akishangaa kwa nini hatusogei.

Abdullah hakukaa na uficho wake hata dakika. Mzee alisema hadhani kama mali yao itatosha hiyo laki moja. Hapo hapo Abdullah akamuuliza, na ikiwa ni milioni mbili na laki mbili? Mzee akasema sidhani mtaiweza, mkishindwa niiteni niwasaidie. Unaona? Alipoitaja namba kamili ndipo mlango wa msaada ukafunguka. Mimi pia nilikuja kumwambia mke wangu namba ya kweli, usiku, taa imezimwa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Asubuhi akatoa daftari la mtoto, tukaandika wote wawili. Tulichukua miaka miwili na miezi. Tulianza na ule wa riba.

Turudi Madina. Shamba la al-Ghaba Zubayr alilinunua kwa 170,000. Abdullah akalipanga kwa thamani ya 1,600,000, akaligawa mafungu 16 ya laki moja moja. Kisha akatangaza: mwenye kumdai Zubayr atufuate al-Ghaba. Hakusema watamtafuta. Alitaja mahali, na alikuwepo.

Akaja Abdullah bin Jaafar, mtoto wa Jaafar bin Abi Talib, aliyezaliwa Uhabeshi, mtu maarufu kwa ukarimu. Alikuwa anamdai Zubayr 400,000. Akasema, mkitaka nawasamehe. Wewe ungesemaje? Laki nne zinafutwa, na ni kwa ridhaa yake, halali kabisa. Abdullah akasema hapana. Akaambiwa, basi kama mtaahirisha baadhi, yangu iwe ya mwisho. Akasema hapana. Ndipo bin Jaafar akasema, haya nikatieni kipande cha ardhi. Akaonyeshwa kuanzia hapa hadi pale, mafungu manne, thamani ya laki nne kamili.

Sikwambii kukataa msamaha ni wajibu. Anayekusamehe na wewe huna, pokea, mshukuru, mwombee. Abdullah alikuwa anayo mali ya kulipia, na aliyeagiza kulipwa alikuwa baba yake. Hakutaka hata mmoja aondoke na hisani badala ya haki. Na kumbuka ni lini alikataa: wakati bado hajui kama mali itatosha.

Mafungu manne na nusu yakabaki. Akaenda nayo Sham kwa Muawiya, na pale kikaoni wakanunua: Mundhir bin Zubayr, ndugu yake mwenyewe, fungu moja, Amr bin Uthman moja, Ibn Zam'a moja. Muawiya akauliza limebaki kiasi gani, akaambiwa moja na nusu, akalichukua kwa 150,000. Kuhusu bin Jaafar, baadaye alimuuzia Muawiya kipande chake kwa 600,000. Alikuwa tayari kusamehe laki nne, akaishia na laki sita. Za al-Ghaba peke yake hazikufikia jumla ya deni, zilizopungua zikatoka kwenye mali nyingine. Deni likaisha.

Ndugu zake wakaja. Wakasema tugawie mirathi yetu. Ni haki yao, deni limelipwa, wengine bila shaka wana shida zao. Abdullah akaapa kwamba hawagawii mpaka atangaze kwenye Hija misimu minne: mwenye deni kwa Zubayr aje tumlipe. Watu waliokuwa na biashara na Zubayr walikuwa wametapakaa, Misri, Iraq, Sham, na mahali pekee wanapokutana ni Makka. Huenda mmoja hakuweza kuja mwaka huu, mwaka ujao ataweza. Basi kila mwaka alisimama kwenye Hija akatangaza. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

Baada ya ule wa nne akatoa thuluthi ya wasia, akagawa. Kila mmoja katika wale wake wanne, ambao kwa pamoja fungu lao ni thumuni, alipata 1,200,000. Yule baba aliyekuwa anauliza asubuhi ya vita kama deni litabakisha chochote.

Kesho in shaa Allah tutaingia kwenye utaratibu wenyewe wa mali ya marehemu: mazishi, deni, wasia, kisha mirathi, na maswali mliyonitumia kuhusu mahari ambayo haijalipwa. Hilo nalo ni deni, wazee wangu, tujiandae.

Atakayeanza kuandika orodha yake leo kabla ya futari akakwama, anione baada ya Tarawehe, nje pale kwenye viatu. Wawili wameshakuja wiki hii. Daftari ninalo, kalamu ninayo.