Samuel Kistler: Aliyetengeneza ‘moshi mgumu’, na sasa unapimwa kwa ajili ya moyo

Ukiishika erojeli mkononi, ni kama hujashika kitu. Sehemu kubwa yake ni hewa tupu, ndiyo maana wengi huiita moshi mgumu. Aliyeitengeneza kwanza ni Mmarekani, Samuel Kistler.

Alizaliwa mwaka 1900 Cedarville, California, baba yake akiwa na duka. Mwaka 1917 aliingia College of the Pacific akitaka kusomea kilimo. Kemia ikamnasa. Akahamia Stanford, kisha akarudi chuo kile kile kufundisha.

Hapo swali moja likamkaa kichwani: unaweza kutoa maji yote kwenye jeli bila yenyewe kusinyaa? Ukiianika tu, inanywea na kupasuka.

Kistler akaondoa maji, akaweka alkoholi. Akaifungia jeli kwenye chombo kizito, akapandisha joto na presha mpaka alkoholi ikaacha kuwa kimiminika. Kisha akaiachia itoke polepole. Ikabaki mifupa ya jeli, imejaa hewa. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1931. Alitumia silika, na hata ute wa yai.

Kampuni ya Monsanto iliitengeneza kwa biashara miaka ya 1940, baadaye ikaacha. Kistler alifariki mwaka 1975, erojeli ikiwa karibu imesahaulika.

Moyo unaingiaje hapa? Damu haipendi mgeni. Ikigusa kitu kisicho cha mwili, inaweza kuganda, na bonge likifika kwenye ubongo mtu anapata kiharusi. Ndiyo maana wenye valvu za chuma moyoni humeza dawa za kuzuia damu kuganda maisha yao yote. Kifaa chepesi ambacho damu inakivumilia kingewapunguzia mzigo huo.

Mwaka 2010, watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya erojeli ya silika iliyoimarishwa kwa poliyurea, maana ya kawaida huvunjika kirahisi. Waliiweka pamoja na chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata, na seli za ukuta wa ndani wa mishipa. Chembe sahani hazikuchokozeka sana, na seli ziliendelea kuishi.

Hayo ni ya maabara tu, bado si valvu ndani ya mgonjwa. Lakini swali la Kistler kuhusu jeli lilikuwa limefika kwenye damu, miaka 35 baada ya kifo chake.