Cameron: Baharia Aliyepima Njia Iliyoikwepa Urambo

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Miongoni mwa wageni waliopita katika njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, Luteni Verney Lovett Cameron anakumbukwa kwa kazi ya subira: kukadiria mahali alipo kwa kujumlisha hatua ndogondogo za safari.

Cameron alizaliwa mwaka 1844 katika jimbo la Dorset, Uingereza, na akajiunga na Jeshi la Wanamaji angali kijana. Mwaka 1873 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtuma kumpelekea msaada David Livingstone. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekwishatumikia safari za Speke na Stanley.

Safari hiyo iligharimu maisha. Mwenzake mmoja, Robert Moffat, alifariki kabla ya kufika Tabora. Mjini Tabora homa iliwaangusha Wazungu wote waliosalia, na maradhi ya macho yalikaribia kumpofusha Cameron. Oktoba 1873 alipata taarifa kuwa Livingstone amekwishafariki. Wenzake wawili waligeuka kurudi pwani, na Daktari Dillon akafia njiani. Cameron aliamua kuendelea.

Hata hivyo, barabara ya moja kwa moja kuelekea magharibi haikupitika. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na misafara ililazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ugalla. Njia hiyo ilipinda kwenye mabwawa, vichaka na mito, na mwendo wa wapagazi ulibadilika kila saa.

Hapo ndipo elimu ya baharia ilipohitajika. Kasi ya mwendo na upande wa dira hujulikana kwa kila kipande cha njia, lakini hakuna kanuni moja inayotoa jumla ya safari iliyopinda namna hiyo. Msafiri hukata safari vipande vifupi, huchukulia kasi kuwa haibadiliki ndani ya kila kipande, huzidisha kwa muda, kisha hujumlisha. Kwa mfano, saa moja kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, na nusu saa kwa kilomita 3 kwa saa, ni kilomita 5.5. Katika karne ya 18 mwanahisabati Leonhard Euler aliieleza njia ya namna hiyo kwa hesabu ambazo kasi ya mabadiliko inajulikana lakini ni vigumu kupata jumla yake kamili.

Kadiri vipande vinavyokuwa vifupi, ndivyo kosa linavyopungua. Lakini makosa madogo hurundikana siku hadi siku, na ndiyo maana msafiri hulazimika kupima jua na nyota ili kusahihisha makadirio yake.

Cameron alifika Ujiji Februari 1874, akapima sehemu kubwa ya mwambao wa Ziwa Tanganyika na kubaini kuwa Mto Lukuga ndio unaotoa maji yake. Huko Nyangwe, vipimo vyake vilionesha kuwa Mto Lualaba uko chini kuliko Mto Nile huko Gondokoro, na maji yake ni mengi zaidi. Alihitimisha kuwa hauwezi kuwa Nile, bali ni Kongo. Baadaye ilithibitika kuwa alikuwa sahihi.

Novemba 1875 alifika pwani ya Angola, akiwa Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya kati kutoka bahari hadi bahari. Simulizi ya safari yake ilichapishwa mwaka 1877, ikieleza pia ukatili wa biashara ya watumwa. Alifariki mwaka 1894 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi.

Makadirio hayo yasingewezekana bila Bombay na wapagazi, ambao nyayo zao ndizo zilizokuwa kipimo cha kila hatua.