Birkeland: Mtu Aliyetengeneza Mbolea kwa Radi

Kama umewahi kulala ufukweni Kashikishi, hapa Nchelenge, ukingoja boti ya kuvuka kwenda Kilwa upande wa Kongo, basi unaijua radi ya Ziwa Mweru. Mwezi wa Desemba, uvuvi unapofungwa upande wa Zambia na watu kugeukia mashamba, anga humulika usiku kucha. Usiku mmoja wa namna hiyo nilikuwa nimekalia mfuko wa mbolea, na wafanyabiashara wenzangu walikuwa wakilalamikia bei. Nikawaambia kuwa ile radi ilikuwa ikitengeneza mbolea bure juu ya vichwa vyetu. Walicheka. Ndipo nikawasimulia habari za Kristian Birkeland.

Habari zake nilianza kuzisikia katika kambi ya Kala, wilayani Kawambwa, nilikokimbilia nikiwa kijana baada ya vita kufika Pweto mwaka 2000. Tulisoma fizikia bila maabara. Mwalimu alichora kila kitu ubaoni, na sisi tuliamini.

Birkeland alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Kristiania, ambao leo ni Oslo, mji mkuu wa Norwei. Kilichomvuta tangu ujana ni mianga inayocheza angani usiku katika nchi za kaskazini. Alipanda milima yenye theluji kuichunguza. Kisha alitengeneza dunia ndogo, tufe lenye sumaku ndani, akaliweka katika sanduku la kioo lililoondolewa hewa na kupitisha umeme. Mwanga ukatokea kuzunguka ncha za tufe, kama ule wa angani.

Utafiti huo ulihitaji fedha, naye hakuwa nazo. Akabuni mzinga wa kurusha risasi kwa umeme badala ya baruti, akitarajia kuuuza. Mapema mwaka 1903 aliuonyesha mbele ya watu wakubwa. Umeme uliruka njia, moto mkubwa ukalipuka kwa kishindo, na biashara ya mzinga ikafa hapo hapo. Lakini siku chache baadaye alikutana na mhandisi Sam Eyde, aliyekuwa akitafuta njia ya kupata radi ya kutengenezea mbolea. Birkeland alikuwa ameiona kwa macho yake.

Tatizo lilikuwa hili. Katika chombo kisicho na hewa, umeme husambaa na kung'aa taratibu. Katika hewa ya kawaida tunayovuta, umeme hujikusanya ukawa uzi mwembamba wa moto. Gesi iliyofikia hali hiyo ya kupitisha umeme huitwa plazima. Uzi mwembamba hugusa hewa kidogo tu, hivyo mazao yake ni haba.

Birkeland aliuweka uzi huo kati ya sumaku kali, akatumia mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Kila ulipogeuka, sumaku iliusukuma moto upande wa pili, mpaka ukatanuka kama sinia kubwa la moto lenye joto la zaidi ya nyuzi 3,000. Humo nitrojeni na oksijeni za hewa ziliungana. Gesi ilipoozwa haraka ili isivunjike tena, ikapitishwa kwenye maji, ilitoa asidi ya nitriki. Asidi hiyo pamoja na mawe ya chokaa ikawa mbolea.

Mchanganyiko wa gesi nao una hesabu yake. Hewa ina nitrojeni karibu sehemu nne kwa moja ya oksijeni. Ukiongeza oksijeni mpaka zilingane, mazao hupanda. Lakini oksijeni safi hununuliwa, na hewa ni bure. Hata hivyo, tanuru zilikula umeme mwingi mno, na kazi hiyo iliwezekana tu kwa sababu Norwei ina maporomoko ya maji. Kampuni ya Norsk Hydro iliundwa mwaka 1905. Baadaye Wajerumani walipata njia iliyotumia nishati kidogo zaidi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ikaanza kuiacha njia ya radi.

Birkeland hakuyaona hayo. Mwaka 1913 alikwenda Misri kuchunguza mianga mingine ya angani. Vita vya 1914 vikamkuta huko. Usingizi ulimpotea, akawa mtumwa wa dawa ya usingizi, na akashuku kuwa anafuatwa na wapelelezi. Alipotaka kurudi kwao, njia ya Ulaya ilikuwa ya hatari, akazunguka kupitia Japani. Alikufa katika chumba cha hoteli mjini Tokyo, Juni 1917, akiwa na miaka 49. Miaka mingi baadaye satelaiti zilithibitisha mikondo ya umeme angani aliyoieleza, na nchi yake ikaweka sura yake kwenye noti.

Leo watafiti wameirudia kazi yake, wakijaribu mitambo midogo ya plazima inayoweza kutumia umeme wa jua, ili mbolea itengenezwe karibu na shamba. Hilo linatuhusu sisi, ambao kila mfuko hutufikia baada ya malori, mipaka na boti.

Sisi tuliopata bahati ya kurudi nyumbani tumkumbuke mtu huyu aliyefia njiani. Nami hufundisha habari zake kama nilivyofundishwa, kwa chaki na ubao. Radi ya kuonyesha wanafunzi tunayo tele.